Dirisha la Fundi Maganga

Juzi mlikuja wawili, mmoja na mkoba wa vitabu begani, mkaniamkia mlangoni na kuniuliza zamani tulifundisha haki za watu kwa vifaa gani. Niliwajibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa namsubiri mjukuu alete dawa zangu kutoka hospitali ya Mwananyamala. Mlipoondoka nikajilaumu. Vitabu mlivyoniachia nimevipitia. Picha ni nzuri, rangi imekolea, na kila ukurasa una swali chini yake. Sisi kifaa chetu kikubwa kilikuwa dirisha la mbao. Nataka niwaeleze habari za dirisha hilo na za mtu aliyelitengeneza, maana siku hizi namkumbuka yeye kuliko wengi wa ukoo wangu.

Aliitwa Fundi Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, seremala wa Keko. Mie ni Mzaramo wa Temeke. Tulikuwa watani kabla hatujajuana, kwa sababu babu zetu walikuwa watani. Nyinyi mliozaliwa mjini huenda mnadhani utani ni mzaha tu. Kwetu mtani alikuwa na ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukuondolea sahani mkononi na kuivaa kofia yako, na wewe ulikuwa na ruhusa ileile juu yake. Kukasirika ilikuwa aibu. Lakini ukifiwa, mtani ndiye aliyekuja kufanya vituko wakati ndugu wanalia. Jeneza likitoka, alisimama njiani akalizuia mpaka apewe kitu, ndipo mkapita. Matusi yake yote ya maisha alikuja kuyalipia siku hiyo.

Wakati huo Waingereza walikuwa bado wanatawala. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari na Kiingereza cha kutosha kuandikia barua na kiburi cha kutosha kuzisaini. Ofisi ya ustawi ikaniajiri nisimamie madarasa ya watu wazima: Keko, Temeke na Kinondoni, alasiri watu wakitoka kazini. La Keko lilikuwa kwenye banda lililopakana na karakana ya Maganga. Nilitakiwa kufundisha kusoma, hesabu na usafi wa visima. Haki hazikuwamo katika niliyoagizwa. Aliyeziingiza darasani ni Bi Tatu, mfuaji nguo wa Keko, mjane mwenye sauti nyembamba.

Siku moja alifika amechelewa, miguu ina vumbi la barabara nzima. Alikuwa amekwenda mjini kwenye ofisi moja ya serikali, ambayo siitaji, akakaa asubuhi yote mbele ya dirisha huku kila Mzungu na kila Mhindi aliyefika nyuma yake akihudumiwa kwanza. Alipouliza, karani alimwambia kwamba sheria inasema Mwafrika asubiri wengine waishe.

"Wewe umesoma, mwanangu," akaniambia. "Nisomee hiyo sheria, niisikie kwa masikio yangu."

Sikuijua. Nilikuwa nimezoea kusubiri kama yeye, na elimu yangu yote haikuwahi kunituma niulize. Nikamwahidi nitaitafuta, nikampelekea swali Bwana Hasanali.

Huyu Hasanali alikuwa Mhindi wa madhehebu ya Shia, karani wa wakili mjini, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Tulifahamiana Keko alipokuja kuagiza kitanda kwa Maganga. Alichukua swali la Bi Tatu akalifanyia kazi kama la mteja tajiri. Baada ya siku kadhaa akarudi karakana, akakaa juu ya rundo la mbao, akasema sheria hiyo haipo. Ya kumnyima Mwafrika pombe kali asipokuwa na kibali ipo, na za kupanga mji kwa namna ya kutenganisha watu zipo. Hizo mbaya zimeandikwa na ukizivunja utashtakiwa. Ya kusubiri dirishani hakuna aliyeiandika.

"Ni mazoea tu," alisema. "Nimekulia dukani kwa baba yangu. Tulikuwa tukifanya hivyohivyo, na mimi nilidhani ni sheria."

Hapo ndipo darasa letu lilipozaliwa. Maganga alituchongea mbao mbili, moja ina neno SHERIA, nyingine MAZOEA, kila moja na ukingo chini wa kuegeshea kadi. Kadi tulizitengeneza kwa mbao nyepesi za makasha ya chai, tukachora kwa mkaa na kupaka utomvu wa mkorosho ili mkaa usifutike. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila kadi ilikuwa picha: mtu kafukuzwa kwenye benchi, mtu kanyimwa chumba, mpishi kakatwa mshahara kwa sahani aliyoivunja paka. Mwanafunzi anaokota kadi, anasema imemtokea nani, kisha darasa linabishana iende ubao gani. Hasanali ndiye aliyekuwa akituamulia, na mara nyingi alisema hajui, ataangalia. Vijana, jifunzeni kusema hivyo. Wanafunzi wangu walimwamini yeye kuliko mie kwa sababu hiyohiyo.

Tuligundua upesi kwamba kujua hakutoshi. Bi Tatu alikwisha kujua kwamba sheria haipo, lakini kila akifikiria kurudi pale dirishani anaahirisha safari. Maganga, aliyekuwa akiranda mbao pembeni na kujifanya hasikilizi, akasema kama tatizo ni dirisha basi tumtengenezee dirisha.

Akalitengeneza kwa mninga chakavu. Lilikuwa na kaunta inayofika kifuani, tundu la kuzungumzia, na kilango cha kushuka kutoka juu. Nilimwomba akifanye chepesi ili tukibebe kwa urahisi kwenye mkokoteni. Akakataa. Alitaka kilango kizito, kishuke kwa kishindo, kwa sababu kinachomvunja mtu moyo ni ule mlio. Alisema kweli. Mara ya kwanza kilipoanguka, darasa zima lilirudi nyuma kama limekemewa.

Nilifanya kosa mapema. Nilimsimamisha Bi Tatu acheze Bi Tatu, na mtu mwingine acheze karani. Alipofika mbele ya kaunta akaangua kilio, akatoka. Msimpe mtu acheze machungu yake mwenyewe. Safari iliyofuata tulimweka ndani, awe karani, na Bwana Hasanali akasimama nje kama mwombaji. Bi Tatu akawa mkali kupita karani wa kweli. Alijifanya anatafuta kalamu, akapiga miayo, akamwambia Hasanali arudi keshokutwa na miwani isiyofungwa uzi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Hasanali alitoka jasho. Alisema hajawahi kukaa upande ule muda mrefu hivyo, na hataki tena.

Tulimfundisha kila mmoja neno moja la kusema kilango kikianza kushuka: Naomba unieleze sababu. Bila kupandisha sauti wala kuinamisha kichwa. Unasema, halafu unabaki umesimama. Bi Tatu alikwenda mjini akalisema. Karani alimtazama, akatazama nyuma yake, akachukua karatasi zake. Jioni ile Bi Tatu alileta maandazi kwenye beseni. Sababu hakupewa, alituambia, lakini alihudumiwa.

Katika yote hayo Maganga alikuwa akinitukana. Ndivyo nilivyojua kumekucha. Nikifika karakana anawaambia vijana wake waondoe mbao nzuri, Mzaramo amekuja, ataona ni miti ya kuwambia ngoma. Mie nikimwambia Wanyamwezi walishuka pwani na mizigo kichwani, wakalewa upepo wa bahari, wakasahau njia ya kurudi. Mama yangu, aliyekuwa akituletea uji wa mtama, alikuwa akimwita mtumwa wake. Naye Maganga akipokea kikombe anaunusa uji na kuuliza kama umetiwa panya au leo mpishi kasahau. Mama alimpenda mtu yule. Akikosa kumtukana siku mbili anaulizia kama anaumwa.

Sasa niwaambie nililolifanya.

Nilikuwa nimemwagiza Maganga ubao wa tatu, mkubwa, wa kutundika juu ya mlango wa darasa: HAPA NI MARUFUKU KUMDHARAU MTU KWA KABILA, DINI AU RANGI. Aliuchonga vizuri sana, herufi zimesimama kama askari. Mpaka leo sioni kosa katika maneno yale. Kosa lilikuwa langu, na lilikuja na mgeni.

Mkubwa wangu wa ofisi, Mwingereza aliyejua Kiswahili, alikuja kukagua. Nilikuwa nimesikia kwamba anatafuta mtu wa kumpandisha cheo. Nilivaa tai. Darasa likaenda vizuri, kadi zikapangwa, hata yeye akaokota moja. Kisha Maganga akaingia amebeba kaunta begani, akaniona na tai yangu, akasimama mlangoni chini kabisa ya ubao alioutengeneza.

"Nani kamfunga huyu shingoni?" aliuliza darasa. "Babu yangu alimnunua babu yake kwa kipande cha kaniki, akamrudisha dukani kwa sababu alikuwa anakula sana. Naona mjukuu kapata mnunuzi mwingine."

Darasa likacheka. Mkubwa hakucheka. Alitazama ubao, akanitazama mie, uso umemwiva. Na mie, ambaye ningeweza kumweleza kwa maneno mawili kwamba huyu ni mtani wangu, niliona aibu. Niliona utani ni jambo la kizamani, la watu wasiosoma. Labda pia lile neno la mnunuzi lilinigusa penyewe.

"Fundi Maganga," nikasema, "soma ubao ulio juu yako. Umwombe radhi kila mtu hapa, au utoke."

Maganga alitua kaunta polepole. Akavua kofia.

"Naomba radhi, Bwana Mwalimu," akasema, akatoka.

Mkubwa alinishika mkono. Cheo nilipata. Sitaki kukieleza.

Kesho yake nilikwenda karakana nikamwambia mbao zake zimepinda kama miguu ya Wanyamwezi. Nilitegemea jibu. Akaweka randa chini, akaniamkia kwa adabu, akasema, "Sawa, Bwana Mwalimu. Nitazinyoosha." Nikajaribu siku nyingine, na nyingine. Sawa, Bwana Mwalimu. Aliendelea kututengenezea kila tulichoagiza na kilango kikilegea bawaba alikuja kukikaza. Hakuna siku aliyonikosea heshima. Nyinyi bado vijana, hamjui heshima inavyoweza kumkondesha mtu.

Mama alipopata habari hakunigombeza. Alikuwa ameanza kuumwa, kifua kimembana. Aliniuliza jambo moja tu, akiwa amelala ubavu akitazama ukuta.

"Mie nikitoka hapa, nani atanizuia njiani?"

Nikamwambia asiseme hivyo, atapona. Akasema hakuuliza kuhusu kupona. Alisema hataki kupelekwa makaburini kama kifurushi, kinapita tu na hakuna anayekiulizia. Alitaka mtumwa wake awepo.

Basi nikarudi Keko, safari hii bila utani. Nilimkuta Maganga peke yake, anachemsha gundi. Nikasimama mbele ya dirisha letu lililokuwa limeegeshwa hapo, nikasema maneno tuliyowafundisha wengine. Naomba unieleze sababu.

Alikoroga gundi yake kwanza.

"Sababu imeandikwa," alisema. "Mie mwenyewe niliichonga."

Nikamwambia ubao ule haukuwa kwa ajili yake. Ulikuwa kwa watu wanaodharau wenzao.

"Ulinipeleka chini yake mbele ya mgeni," alisema. "Hukumwambia mie ni nani wako. Hilo dirisha umelifunga wewe, Bwana Mwalimu. Mie niko nje, nasubiri kama wengine."

Nilipoondoka nilitembea mpaka Temeke nikifikiria kadi zetu zote. Tulikuwa tumewafundisha watu kupambanua sheria na mazoea, na tulidhani mazoea yote ya kutajana makabila ni takataka ya kufagiwa. Hatukuwa na mahali pa kuweka kadi ya Maganga. Darasa lililofuata nilisimama nikawaeleza nilichokosa, Bi Tatu akiwa mbele kabisa, anaitikia kwa kichwa bila kunionea huruma. Nikawauliza: karani akimwita Bi Tatu mshenzi, na Maganga akiniita mie mtumwa, tofauti iko wapi? Walibishana sana. Aliyemaliza ubishi ni Bi Tatu. Alisema karani huwezi kumrudishia, na ukifa hatakuja.

Tangu siku hiyo hilo ndilo swali nililolitumia miaka yote ya kazi, na nawaachia nyinyi mliweke katika vitabu vyenu kama kuna nafasi. Mtu akisema neno la kabila la mwenzake, msikimbilie ubao. Ulizeni kwanza kama yule mwingine anaweza kumrudishia, na kama wanazikana.

Nilimwagiza Maganga ubao mwingine, wa kukaa kati ya SHERIA na MAZOEA. Aliuleta siku aliyoahidi, umerandwa laini, lakini hauna neno. Nilipomuuliza alisema hakuambiwa aandike nini. Kweli sikumwambia, kwa sababu sikujua. Neno utani peke yake halikutosha. Tukautumia hivyohivyo mtupu, na mpaka madarasa yalipofungwa hatukupata neno lake.

Lakini bado nilikuwa Bwana Mwalimu.

Mama alifariki asubuhi, Temeke, nyumbani kwetu. Nilimtuma mtu Keko kupeleka habari, na sikuthubutu kutuma ombi lolote. Watu wakajaa. Wanaume tulikaa kwenye mikeka nje, wanawake ndani. Bwana Hasanali alikuja amevaa kofia nyeusi, akakaa karibu yangu. Nilitazama kila aliyeingia uani. Maganga hakuwamo. Mwili ukaoshwa, ukakafiniwa, ukaswaliwa. Wazee walianza kuulizana kwa sauti ya chini wako wapi watani wa marehemu, na mmoja akasema amesikia mwanawe aliwafukuza.

Tukanyanyua jeneza. Nilikuwa mbele, bega la kulia. Tulitoka uani, tukapita minazi ya jirani, kichochoro kikapinda kuelekea barabarani. Hapo mbele yangu watu wakasimama ghafla, na nyuma wakatusukuma wakiuliza kuna nini.

Katikati ya njia palikuwa na dirisha.

Lilikuwa limeziba kichochoro kutoka ua hadi ua. Mkokoteni uliolileta ulikuwa kando, bado una pumba za mbao. Nyuma ya kaunta alisimama Fundi Maganga, amevaa tai ya kamba ya katani, kalamu ya seremala sikioni, anapekua majani ya mnazi kama mtu mwenye kazi nyingi. Hakutuangalia. Akapiga miayo. Kisha akanyoosha mkono, akaachia kilango, kikashuka kwa kishindo chake kilekile.

"Ofisi imefungwa," ikatoka sauti tunduni. "Wazaramo rudini kesho."

Nyuma yangu mtu mmoja alicheka huku analia, kisha wengi. Nilisikia wanawake wametufuata mpaka kwenye ua wa jirani, na sauti nyembamba ya Bi Tatu ikisema asante Mungu. Jeneza lilikuwa begani, na watu wote walikuwa wananisubiri, maana mwenye kujibu nilikuwa mie.

"Naomba unieleze sababu," nikasema.

Kilango kikapanda kidogo. Nikaona macho yake.

"Mama huyu ana deni la matusi," alisema. "Kaniita mtumwa kila siku, leo kaondoka bila kuniaga. Nani atamlipia? Wewe? Huwezi hata kujitukania mwenyewe, wewe mjukuu wa mtu aliyerudishwa dukani."

Nikamwambia achukue anachotaka. Akatoa mkono tunduni akaivua kofia yangu, kofia ya mkono niliyoshonewa na mama, akaivaa juu ya yake. Ndipo akalisukuma dirisha kando, akaja akaingiza bega lake chini ya jeneza, mbele, kushoto kwangu. Nilimzika mama kichwa wazi. Njia nzima alikuwa ananinong'oneza kwamba Wazaramo hata kubeba hatujui, kwao Tabora mtoto mdogo angekwisha kufika.

Kofia hakunirudishia. Aliivaa karakana mpaka ikajaa vumbi la mninga, nami kila nikiiona nilimtukana, naye akanirudishia.

Baada ya Uhuru alipanda treni akarudi kwao, macho yalikuwa hayaoni tena mstari wa msumeno. Dirisha tuliliacha Kinondoni, katika nyumba iliyokuja kuvunjwa kupisha barabara, na sijui mbao zake zilikwenda wapi. Habari za kufa kwake zilinifikia zimechelewa, alikwisha kuzikwa. Nililia kwa hilo kuliko kwa kifo chenyewe. Mtani wake mimi nipo, na jeneza lake lilipita pasipo mimi njiani.

Sasa nakaa barazani. Watoto wakitoka shule wananiamkia mmoja mmoja, na majirani wananiita mzee, mwalimu, babu, na nyinyi juzi mlivua viatu kabla ya kuingia. Nawaitikia wote, marahaba. Lakini mkirudi, kama kati yenu yuko Mnyamwezi, asianze na shikamoo. Aniulize kwanza nani kanirudisha dukani.